Barua Niliyoiacha Nyeupe

Kazini kwetu, kila inapofunguliwa risma mpya ya karatasi, mimi hutoka nje. Wenzangu wanadhani nina mafua ya kudumu, nami nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba ile harufu, kama unga wa chaki uliochanganywa na sabuni, ikinifika puani tu miguu inataka kwenda mahali na mimi mwenyewe sijui ni wapi. Nasimama barabarani dakika mbili tatu, nahesabu baiskeli zilizobeba ndizi, halafu narudi ndani nikiwa na uso wa mtu aliyemaliza kupiga chafya.

Niseme mapema: mimi ni mtu wa kuchelewesha mambo, na siyo kidogo. Kati ya siku niliyochukua fomu ya kujiandikisha kwa masomo ya jioni na siku niliyoirudisha, mdogo wangu aliolewa, akazaa, na mtoto akaota meno. Hata aya hizi, kabla sijaandika neno la kwanza nimeosha sufuria zote za nyumbani, nimeosha na za jirani, nimekata kucha, nimetoka mara tatu kuangalia kama mvua itanyesha, na sasa ni kiangazi kikavu. Lakini diploma ninayo. Iko ukutani, imepinda kidogo, kwa sababu msumari wa pili bado sijaupigilia.

Katika masomo hayo ya jioni, mwalimu mmoja alitufundisha habari za vijana wanaoahirisha kazi. Alituambia siyo wote ni wavivu. Kuna anayewaka haraka na kuzimika haraka, leo anataka kushona, kesho anataka kupiga gitaa. Kuna anayeamini kabisa kwamba kesho ina saa nyingi kuliko leo. Na kuna yule anayetaka kitu kitoke bila kasoro hata moja, anaogopa macho ya watu, mpaka anaona heri kisitoke kabisa. Darasa zima likaanza kuchekana, huyu anamnyooshea yule kidole. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nizaliwe, maana yule wa tatu nilimjua vizuri. Alikuwa msichana wa miaka kumi, mwenye masikio makubwa, anakaa mtaa wa Buyenzi, na mkononi ameshika stilo ya wino wa bluu.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Buyenzi ile. Nyundo za garaji zilianza kabla chai haijachemka na hazikunyamaza mpaka magharibi, ila wakati wa sala, na hapo ndipo masikio yalipouma, kwa sababu ya ukimya. Nyumbani kwetu tulikuwa watu wachache kwa hesabu na wengi kwa kelele. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, tulimuona kama mwezi mwandamo. Mama alikuwa anauza vitenge sokoni. Mkubwa wa nyumba alikuwa Baba mkubwa Sudi, kaka yake baba, mtu aliyependa maneno kuliko chakula, na chakula alikipenda sana. Halafu alikuwepo Shangazi Zaina, dada yao wa mwisho, ndiye aliyenilea.

Shangazi alikuwa msusi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, kichwa cha mteja katikati ya magoti, vidole vinakimbia, na kinywa kinakimbia zaidi. Alikuwa amepita miaka thelathini bila kuolewa, na mtaa mzima ulikuwa umeshachoka kuuliza. Kwangu mimi hakukuwa na mwanamke mwenye sura kama yake kutoka ziwani mpaka milimani. Mashavu yake yalikuwa laini kama maandazi yaliyoumuka vizuri, na alipocheka, mwanya wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ungeweza kuegesha pikipiki. Nilipokuwa mdogo zaidi nililala huku nimeshika shavu lake, wakati watoto wengine wanashika kona ya blanketi.

Ijumaa moja baada ya sala wakaingia kwetu wazee watatu wenye kanzu, na mmoja wao amebeba sinia. Juu ya sinia kulikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa bahasha. Ilikuwa barua ya posa, imetoka upande wa fundi Issa. Huyu Issa alikuwa na garaji barabara tatu kutoka kwetu, mtu mpole, mrefu, wa maneno machache. Kwa miaka minne alikuwa akijaribu kila gari alilotengeneza kwa kulipitisha mbele ya mlango wetu, polepole, mara mbili, kwenda na kurudi. Mimi nilidhani barabara yetu ndiyo nzuri kwa kupimia breki.

Kwetu barua ya posa hujibiwa kwa barua. Haijibiwi kwa mdomo, haijibiwi kwa simu, hata kama wazee wa pande mbili wanaonana msikitini mara tano kwa siku. Na jibu hupelekwa Ijumaa inayofuata. Ukikaa kimya, umejibu pia, umesema hapana kwa adabu. Basi nyumba yetu ilikuwa na wiki moja. Na wote walikuwa wanataka kusema ndiyo. Baba mkubwa alitaka, mama alitaka, na Shangazi, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonyesha kwamba anataka kitu, aliosha mapazia yote siku ileile.

Shida ilikuwa moja. Baba mkubwa alisoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu alizijua mpaka usingizini, lakini hizi za shuleni alikuwa anazitazama tu kwa heshima. Mama alisoma kidogo na kuandika kidogo zaidi. Shangazi alijua kuandika, lakini bibi harusi hajiandikii mwenyewe jibu la posa yake, hiyo ingekuwa aibu ya kuelezwa mpaka Rumonge. Nikabaki mimi. Na mimi nilikuwa na jina. Mwalimu wetu alikuwa ameshika daftari langu akalizungusha darasa kwa darasa, akiwaambia watoto, hata wakubwa wa darasa la sita wenye ndevu zinazoanza, tazameni mwandiko wa binadamu. Tangu siku hiyo mtaani waliniita karani.

Jumamosi asubuhi Baba mkubwa alikaa kitako, akafumba macho, akaniambia maneno ya jibu, nami nikayaandika kwa penseli kwenye daftari la shule. Yalikuwa maneno matamu, mengi, yenye salamu kwa walio hai na dua kwa waliotangulia, na mwishoni kabisa, kama mtu anayeweka chumvi, likaja neno lenyewe: tumekubali. Kazi yangu ilikuwa kuyanakili kwa stilo kwenye karatasi nyeupe. Wakaninunulia karatasi tano mpya, zimefungwa kwenye plastiki. Nilipoipasua ile plastiki, harufu ikatoka. Hiyo ndiyo harufu ninayoikimbia mpaka leo.

Na hapo, kabla hajasimama, Baba mkubwa akanishika bega. "Sikia, mama," akaniambia, kama alivyowaita watoto wote wa kike. "Wale wazee hawajamuona shangazi yako karibu. Watamuona humu. Mwandiko wako ndio sura yake. Ukipindisha herufi, umempindisha yeye."

Mtu mzima angejua kwamba mzee anapamba maneno. Familia yetu yote inapamba maneno, nami nimerithi bila kupunguziwa. Lakini mtoto wa miaka kumi anachukua neno kama lilivyo. Mama naye akaongeza moto: mzee wa upande wa kina Issa, Mzee Ramadhani, zamani alikuwa karani bandarini, hawezi kuvumilia mwandiko mbaya, akiona nukta imekosewa anapandwa na presha.

Nikaanza Jumapili. Mstari wa kwanza ulitoka kama umechapwa. Wa pili hivyohivyo. Katika mstari wa tatu M moja ikatoka na nundu. Nikaitazama ile nundu, ikazidi kukua, mpaka ikawa sioni kitu kingine kwenye karatasi. Nikaikunja. Jumatatu karatasi ya pili ilifika mbali zaidi, mpaka kwenye dua, halafu stilo ikatapika wino. Jumanne, karatasi ya tatu, nilikuwa naandika jina lenyewe, Zaina, nikakandamiza stilo kupita kiasi kwa sababu nilijua ni jina lenyewe. Ile Z ikavimba upande mmoja kama kitu kilichopigwa.

Jumatano asubuhi Shangazi alitoka chumbani amejifunga kitambaa kichwani, kimepita chini ya kidevu. Alipokifungua apake mafuta ya karafuu, nikaona. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba. Upande uleule wa Z.

Leo najua lilikuwa jino. Lilikuwa linamsumbua tangu mwezi uliotangulia, naye alikuwa anaahirisha kwenda kuling'oa, wiki baada ya wiki, akisema litapoa. Kumbe hata yeye. Lakini wakati ule hakuna mtu aliyenieleza habari za jino, au walieleza nami sikusikia, maana nilikuwa nimeshaelewa yote. Mimi ndiye niliyefanya.

Mchana nilijaribu kumponya. Nilichukua karatasi ya nne nikaandika jina lake tu, kubwa, katikati, zuri kuliko herufi zote nilizowahi kuandika, nikamaliza bila kupumua. Nikasubiri. Alhamisi alfajiri shavu lilikuwa limeongezeka, jicho limeanza kufumba. Basi nikajua kwamba kila nikigusa karatasi namharibu zaidi, na kilichobaki ni kitu kimoja: kutoigusa.

Nikafanya kazi nyingine zote duniani. Nilifagia ua mpaka udongo ukaanza kung'aa. Nilichota maji ambayo hakuna aliyeyaomba, ndoo zikajaa, nikachukua na sufuria. Nilikwenda dukani kununua chumvi, nikarudi bila chumvi, nikaenda tena. Nilipanga viatu kwa ukubwa, nikavipanga kwa rangi. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Kila nikipita karibu na meza, ile karatasi ya mwisho ilikuwa pale imenitazama, nyeupe kama jicho. Mama alikuwa ananiona nazunguka akasema mutoto huyu amekuwa mvivu kama paka aliyeshiba, kazi ya saa moja imemshinda wiki nzima. Mvivu. Siku ile nilifanya kazi kuliko punda wa chumvi, na jioni nikalala na jina la mvivu.

Shangazi hakuniuliza hata mara moja. Hakuruhusiwa kuuliza. Ila aliifuta meza ile mara nane kwa siku, akiinua daftari kwa uangalifu, akilirudisha palepale.

Ijumaa Baba mkubwa alirudi kutoka msikitini ananukia udi, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata hewa. Alisimama mlangoni akauliza kama iko tayari. Nikasema iko. Na niwaambie ukweli wenzangu, sikuona kama nadanganya. Niliichukua ile karatasi ya tano, haina nundu, haina doa, haina shavu lililovimba. Niliitazama kwenye mwanga, nikaona ndiyo safi kabisa, hakuna mwandiko wangu wowote utakaoifikia. Kama mwandiko ni sura, basi hii ilikuwa sura isiyo na kovu. Nikaikunja mara tatu, nikaitia kwenye bahasha, nikabandika kwa ugali wa muhogo. Baba mkubwa akaipokea kwa mikono miwili.

Yaliyotokea huko nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kwa Issa mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya pazia kama desturi inavyotaka, akiwa amevaa shati lililomkaba. Mzee Ramadhani alivaa miwani. Akafungua bahasha, akatoa karatasi, akaikunjua. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaiinua dirishani. Kisha, kwa sababu ni mtu wa adabu, akampa mzee wa pili, wa pili akampa wa tatu, ikazunguka chumba kizima kimyakimya na kurudi kwake. Wote wakamtazama Baba mkubwa. Na Baba mkubwa, aliyeamini kwamba ukimya ule ni wa watu waliolemewa na uzuri wa maneno yake, akakohoa, akaweka mkono kifuani.

"Wazee wangu," akawaambia, "kila tulicho nacho kwenu kiko humo. Hatuongezi, hatupunguzi."

Chai haikumiminwa. Baba mkubwa alirudi nyumbani anashangaa jambo hilo tu, watu wakubwa vile, birika liko mezani, halafu mutu anaondoka koo kavu. Akasema labda sukari imewaishia.

Jumamosi, jua halijapanda, akaja mama mmoja wa upande wao. Alikuwa na kitambaa kile cheupe na ndani yake bahasha yetu. Hakukaa. Alisema wazee wanasalimia, wamesoma kila kitu na wamefahamu kila kitu. Mlangoni akageuka, na sijui kama ilikuwa huruma au sumu, akamwambia mama kwamba leo baada ya alasiri barua nyingine ya posa inapelekwa mtaa wa Kamenge, kwenye nyumba ya watu wanaojua kusoma na kuandika.

Baba mkubwa akatoa karatasi, akampa mama.

"Soma."

"Nisome nini, shemeji?"

"Ile niliyopeleka."

Mama akamuonyesha mbele, akamuonyesha nyuma. Nikaona maneno ya jana yanamrudia Baba mkubwa moja moja usoni, kila tulicho nacho kiko humo, hatuongezi, hatupunguzi. Alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. Mtu aliyesema bila kupumzika tangu utoto wake alikaa pale kinywa wazi, na hicho kilinitisha kuliko fimbo.

Fimbo nayo ilikuwa inakuja, mama alikuwa ameshavua kandambili. Lakini Shangazi alitoka chumbani. Shavu lilikuwa limefika kiwango chake cha mwisho, jicho moja halipo kabisa, kitambaa kimefungwa juu ya kichwa kama masikio ya sungura. Akamuomba mama ampishe. Akachuchumaa mbele yangu.

"Niambie mi peke yangu. Ulikuwa unacheza?"

Nikasema apana.

"Ulisahau?"

Apana.

"Basi ulikuwa hutaki niende?"

Hapo nikalia, maana sikuwa hata nimefikiria kwamba ataondoka, hilo nalo likaniangukia papo hapo. Nikamweleza katikati ya kamasi. Nikamweleza nundu ya M, wino, Z iliyovimba, na shavu lake Jumatano asubuhi. Nikamwambia niliacha kuandika ili lisizidi.

Alinitazama kwa jicho lile moja. Halafu akaanza kucheka, na kila akicheka jino linamchoma, anashika shavu, analia, anacheka tena, mpaka sikujua ni kipi ni kipi. Mama na kandambili yake walisimama pale kama wamepigwa picha.

Shangazi alipomaliza akavuta ushungi wake msumarini. Baba mkubwa alipoona anaelekea mlangoni na mimi mkononi, sauti ikamrudia. Alisema mwanamke hapeleki jibu la posa yake, tangu Buyenzi iwe Buyenzi hilo halijafanyika, na kwa uso ule, mchana kweupe.

"Kaka," Shangazi akajibu, polepole kwa sababu ya jino, "nimewaachia watu wanibebee maneno mpaka nimefika umri huu. Leo acha nibebe mwenyewe."

Tukaenda. Barabara tatu tu, lakini kwangu ilikuwa kama kwenda hija kwa miguu. Watu wa Buyenzi wana macho, na siku ile waliyatumia yote. Wateja wake wa kusuka walisimama milangoni. Mafundi walishusha nyundo, na ule ukimya wa sala ukaingia barabarani wakati siyo saa ya sala. Shangazi hakufunika shavu. Nilimvuta ushungi kwa siri umfunike kidogo, akaurudisha nyuma.

Garaji ya Issa ilikuwa uwanja mweusi kwa mafuta, magari manne yasiyo na magurudumu, na miguu miwili inayotoka chini ya moja. Shangazi akasimama mbele ya ile miguu.

"Issa."

Miguu ikakaza. Kitu cha chuma kikaanguka huko chini.

"Karatasi ilikuwa tupu kwa sababu mutoto huyu ameogopa kunichora vibaya. Siyo dharau. Kwetu hakuna aliyekudharau."

Issa akajitoa kwa mgongo, taratibu, mpaka uso ukafika mwangani. Akamuona Shangazi kutoka chini, na shavu lake, na jicho lake, na masikio ya sungura. Nikafumba macho. Nilikuwa na uhakika atarudi chini ya gari.

"Hilo jino," akasema, "una wiki ngapi nalo?"

"Sita."

"Na mi nilikaa miaka minne na barua," akasema Issa. "Basi jibu ni gani?"

"Jibu ni ndiyo. Lakini ndiyo ya mdomo wazee wako hawataipokea, na alasiri haiko mbali. Lete kitu cha kuandikia."

Garaji nzima hapakuwa na karatasi. Palikuwa na boksi la filta, jipya bado. Issa akalipasua, akaigeuza ile karatoni upande wa ndani, wa kijivu, akaliweka juu ya boneti ya gari. Vidole vyake vikaacha alama tano nyeusi pembeni. Mmoja wa mafundi akatoa stilo nyuma ya sikio. Shangazi akaniinua kiunoni, akanisimamisha juu ya tairi.

Sikuweza. Nilishika stilo, mkono ukawa wa mtu mwingine. Nilitaka maji, nilitaka kwenda chooni, nilitaka kupanga upya magari yale kwa rangi. Nikasema nitaandika nyumbani, kesho, kwenye karatasi nzuri.

Shangazi akachukua mkono wangu wa kushoto, akauweka juu ya shavu lake. Lilikuwa la moto, gumu, linadunda.

"Mkono huu uache hapa," akaniambia. "Na huo mwingine uandike. Likiongezeka hata kidogo, utaacha."

Nikaandika Sisi. Ile S ilikuwa mbaya, karatoni ina mikunjo, stilo inaruka. Nikasikiliza kwa kiganja. Halikuongezeka. Nikaandika upande wa Zaina, na Z ikatoka imelewa kabisa, imelala kwa jirani yake. Nikasubiri. Shavu likadunda vilevile. Nikaandika tumekubali, neno refu, limepanda mlima na kushuka, na bado shavu lilikuwa lilelile, la moto, la mtu, halina habari na mimi. Hakukuwa na salamu, hakukuwa na dua kwa waliotangulia. Maneno matano. Sisi upande wa Zaina tumekubali.

Issa hakunawa. Alilichukua lile boksi kwa ncha za vidole, akaondoka anakimbia, mtu mrefu vile, miguu inapishana, na lile gari likabaki linadondosha mafuta bila mwenyewe. Sisi tukarudi nyumbani kusubiri, na hapo ndipo nilipojua kwamba kusubiri kazi uliyoimaliza kunauma kuliko kuikimbia. Hakuna tena cha kufagia kinachosaidia. Shangazi alisuka kichwa cha mama, akakifumua, akakisuka. Adhuhuri ikapita. Baba mkubwa alitoka nje na kuingia, akauliza saa, akauliza tena. Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa kwanza, ikadakwa na wa pili.

Watu walipotoka msikitini tukamuona Mzee Ramadhani anakuja kwa miguu, peke yake, miwani usoni na karatoni kwapani. Mimi na Shangazi tukajificha nyuma ya pazia. Baba mkubwa alimpokea kama mshtakiwa mbele ya hakimu, akaanza kuomba radhi kwa maneno marefu, kuhusu mtoto, kuhusu wino, kuhusu wakati tulio nao. Mzee akamwacha mpaka akaishiwa maneno. Kisha akaliweka lile boksi mezani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Jana mulituletea karatasi safi, haina neno," akasema. "Leo mumeleta neno, halina karatasi. Nimesoma barua bandarini miaka yote ile, na mwandiko mbaya hivi sijaona." Akavua miwani. "Tunachukua neno. Sasa mutupe chai, na mutuambie siku."

Baba mkubwa akakimbilia birika mwenyewe, akajaza kikombe cha mgeni mpaka kikafurika. Nyuma ya pazia Shangazi alinishika mkono, ule wenye wino, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Nikamtazama juu nimwambie ananiumiza. Alikuwa anajaribu kutocheka, kwa sababu ya jino, na anashindwa.